Mbele Rangi, Nyuma "Ni ya Muda"

Hapa Kakuma ukisikia mtu anasema "twende hoteli", hazungumzii mahali pa kulala. Anazungumzia chai, mandazi, maharagwe, anjera, wali na nyama ya mbuzi. Hoteli ndiyo sebule ya watu ambao nyumba zao hazina sebule. Mahari inapangwa hapo, deni linadaiwa hapo, habari ya nani ameitwa mahojiano inaanzia hapo, na siku ya mpira hata mlango hauonekani kwa vile watu wamejaa. Chakula cha hoteli hizi tumekisifu sana, na maneno yanayosemwa ndani yake tumeyaandika. Kuta zake hakuna aliyeziandika.

Basi mimi nataka kuandika juu ya kuta, sakafu, paa na mifereji. Hizo nazo ni kazi za mikono ya watu, na kazi ya mikono inaweza kusomwa na kupimwa kama vile tunavyopima wimbo au hadithi. Wageni wanaokuja kutazama ujenzi huku kwetu wanapelekwa Kalobeyei. Mwaka 2017 UN-Habitat ilimwomba Shigeru Ban, msanifu majengo wa Japani aliyepata tuzo ya Pritzker mwaka 2014, abuni nyumba za wakimbizi huko. Ni sawa, nyumba zile zinastahili kutazamwa. Lakini hoteli zetu, ambazo fundi alizijenga bila mchoro wowote, na timazi yake ni jiwe lililofungwa kwenye uzi, nazo ni majengo. Watu wengi zaidi wanaingia ndani yake kila siku.

Najua kuna mtu atasema: wewe kijana, hawa watu wamekimbia vita, wamejenga na kidogo walichonacho, unawakosoa nini? Nimelisikia neno hilo mara nyingi, na nadhani lina dharau ndani yake. Kusifu kila kitu kwa sababu tu kimefanywa na mkimbizi ni kusema kwamba mkimbizi hawezi kufanya vizuri zaidi. Fundi wetu anaweza. Ushahidi uko mitaani, nitauonyesha.

Ukitaka kuijua kazi ya fundi usianzie mlangoni. Zunguka nyuma. Nenda mara mbili: saa saba mchana wakati jua liko juu ya kichwa, halafu asubuhi baada ya mvua kubwa. Uso wa hoteli fundi aliujenga akijua utatazamwa. Nyuma aliijenga akidhani hakuna mtu atafika.

Nianze na hoteli moja ambayo kila mtu wa mtaa wetu anaisifu. Jina lake silitaji. Kwa mbele inapendeza kweli: ukuta umepigwa plasta ya simiti, juu rangi ya samawati, chini mstari wa rangi nyekundu, na picha ya kikombe kinachofuka mvuke. Mchoraji alifanya kazi nzuri. Lakini weka kiganja kwenye ukuta huo na ugonge polepole. Utasikia sauti ya kitu kilicho wazi ndani. Ukuta ni wa matofali ya udongo mabichi, na simiti imepakwa juu yake moja kwa moja, bila waya na bila kuukwaruza ukuta ili plasta ishike. Udongo na simiti haviendi pamoja namna hiyo. Udongo unavimba ukipata maji na kujikunja ukikauka, simiti haijikunji. Ufa unatokea, maji yanaingia kwenye ufa, yanakaa nyuma ya plasta, na udongo unalainika pale ambapo huoni. Siku moja plasta inaanguka kipande kizima kama ngozi ya samaki. Mwenye hoteli ananunua simiti tena, anaziba, anapaka rangi. Kwa pesa ya viraka hivyo angeweza kuupaka ukuta mzima udongo wenye mchanga na samadi, na kuurudia kila mwaka kama mama zetu walivyokuwa wakifanya Kivu kwenye nyumba za miti na udongo.

Sasa zunguka nyuma. Hapo hakuna plasta, hakuna rangi. Maji ya kuoshea vyombo yanamwagwa chini ya ukuta wa jiko, asubuhi, mchana na jioni. Matofali ya safu mbili za chini yameliwa mpaka unaweza kuingiza ngumi. Tofali la udongo halifi kutoka juu, linakufa kutoka miguuni. Mfereji mdogo wa hatua nne, uliochimbwa kwa jembe na kutandikwa mawe ya kutoka laga, ungeuokoa ukuta ule. Mawe hayauzwi. Ni jasho la asubuhi moja.

Tundu la moshi ndilo lililonifanya nianze kuandika. Liko usawa wa kifua, upande wa mashariki. Moshi wa moto unapanda juu. Tundu la kifuani haulioni. Na upepo wetu mara nyingi unatoka mashariki, kwa hiyo kile kidogo ambacho kingetoka kinasukumwa kurudi ndani. Dada mmoja wa kikundi chetu cha vijana anapika humo tangu saa kumi alfajiri, chapati na maharagwe, kwa kuni za mathenge. Anakuja kwenye mikutano macho mekundu, anakohoa, watu wanamtania kwamba amelia kwa ajili ya mchumba. Hajalia. Ni mtu fulani aliyeweka tundu mahali pabaya, na tundu lile lile, bila senti moja zaidi, lingeweza kuwekwa juu chini ya bati upande wa magharibi.

Nilimwuliza mwenye hoteli, kwa heshima, maana ni mama wa rika la mama yangu. Nikasema, "Mama, mbona jiko limekaa hivi?" Akacheka. "Mwanangu, hii ni kambi. Jiko ni la muda tu."

Nililibeba hilo neno siku nyingi. Ni la muda. Sote tunalisema. Mlango haufungi, ni wa muda. Choo kinavuja, ni cha muda. Lakini nimekaa nikafikiri: alipokuwa anapaka rangi mbele, kwa nini hakusema ni ya muda? Rangi ile ya mafuta ni ghali. Picha ya kikombe ililipiwa. Kama hoteli yote ni ya muda, basi mbele nako ni kwa muda. Lakini neno hili halikai mbele. Linakaa jikoni, linakaa chooni, linakaa kwenye kijumba anacholala kijana wa kuchota maji. Mbele tunajenga kana kwamba tutakuwepo miaka 20. Nyuma tunajenga kana kwamba tunaondoka kesho. Nyumba ni ile ile moja. Kinachobadilika ni mtu: mbele anakaa mteja, nyuma anakaa mpishi.

Sisemi kwamba hofu ya kuondoka ni ya uongo. Kambi hii ilianza 1992, na kwa miaka mingi kujenga kwa mawe na simiti hakukuwa jambo la kuruhusiwa hivi hivi. Machi 2021 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba Dadaab na Kakuma zifungwe, na baadaye tarehe ikatolewa: 30 Juni 2022. Mtu aliyekuwa anafikiria kumwaga sakafu mwaka ule aliiacha, na mimi simlaumu. Tarehe ikapita, tukabaki. Machi 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika, wa kuzigeuza kambi kuwa makazi ya pamoja na wenyeji, na mwaka huo huo mgao wa chakula ukapunguzwa na wateja wa hoteli wakapungua nao. Katika hali hiyo nani anajua ajenge vipi? Hilo naelewa.

Lakini kitu cha muda hakilazimiki kuwa kitu kibaya. Watazame majirani wetu. Mama wa Kiturkana anajenga nyumba ya matawi yaliyopindwa na majani ya mkoma, na anajua kabisa kwamba familia itahama na mifugo. Ni ya muda kuliko hoteli yoyote ya hapa. Hata hivyo matawi yamefungwa sawa, kivuli chake kina ubaridi, na upepo unapita. Wasomali nao wana aqal, nyumba ya wafugaji inayobomolewa na kubebwa juu ya ngamia: fito zilizopindwa, mikeka iliyosukwa, na kazi hiyo ni ya wanawake. Mtu ambaye nyumba yake inapanda ngamia hafungi fundo ovyo. Kwa wafugaji hawa, kuhama ndiyo sababu ya kufanya kazi vizuri. Sisi tumegeuza, tumefanya kuhama kuwa ruhusa ya kulipua kazi.

Hoteli ya pili ninayotaka kuisema ni ndogo, na mtu anaweza kupita asiione. Haina rangi wala picha. Ni meza tatu na benchi. Fundi aliyeijenga ni mzee ambaye sasa hapandi tena ngazi, na mwenye hoteli ni mjane aliyekaa naye siku zote za ujenzi. Tazama kwanza paa. Bati limetoka nje ya ukuta karibu futi mbili pande zote, kwa hiyo mvua haipigi tofali, na watu wanaongojea chai wana kivuli. Misumari imepigwa kwenye mgongo wa bati, siyo bondeni. Bondeni ndiko maji yanakopita, na msumari ukikaa huko ni tundu la kuvuja tu. Kila mbao imefungwa kwa waya ulioshuka mpaka ndani ya ukuta, na ndiyo maana juu ya bati hakuna mawe. Nguzo ni za mathenge, lakini miguu yake ilichomwa moto kidogo na kupakwa oili chafu ya gari kabla ya kuzikwa, ili mchwa usiikaribie.

Ingia ndani. Sakafu ni ya udongo, hakuna simiti hata kijiko. Lakini ilimwagiwa maji na kushindiliwa, ikaachwa, ikashindiliwa tena, halafu ikapakwa. Ina mteremko kidogo kuelekea nyuma. Mwaga kikombe cha maji utaona yanavyokwenda yenyewe kwenye tundu la chini, yanaingia mfereji wa mawe, yanafika kwenye shimo lililojazwa kokoto, na pembeni ya shimo kuna mpapai. Jikoni moshi unatoka juu, upande ambao upepo hauji. Nilikaa humo nusu saa nikiongea na mama, sikutoa chozi.

Hiyo ndiyo kazi bora niliyoiona katika mtaa wetu. Ukihesabu ilichotumia, kila kitu ambacho ni kizuri pale kilikuwa karibu bure. Mteremko ni bure. Kujua upepo unatoka wapi ni bure. Msumari unaopigwa mgongoni bei yake ni ile ile ya msumari unaopigwa bondeni. Bati la kutoka nje futi mbili linataka bati zaidi kidogo, hilo nakubali. Kilichobaki ni kichwa cha fundi na subira ya mwenye kazi.

Ya tatu ni kinyume chake. Ni hoteli kubwa, ina televisheni, vigae sakafuni, vioo. Mwenyewe ametumia pesa nyingi, na hapa siwezi kusema umaskini ndio uliosababisha. Vigae vinalia ukivikanyaga. Vimebandikwa juu ya zege nyembamba iliyomwagwa kwenye ardhi ambayo haikushindiliwa, na zege yenyewe haikunywa maji. Simiti inataka kumwagiliwa siku saba hivi. Katika jua la Turkana, usipoimwagilia inakauka kabla haijapata nguvu, na ukifagia inatoka unga. Bati ni geji 32, ile nyembamba, kwa jengo refu ambalo lilihitaji geji 30, na mchana linapiga kelele na kuchoma. Chini ya bati wametandika shuka za maua ili zionekane kama dari. Shuka haizuii joto, inalificha tu. Wahudumu wanabeba sinia wakitokwa na jasho mpaka linadondoka. Na ukuta wa jiko la hoteli hiyo uliwahi kuanguka usiku wa mvua, juu ya mapipa ya maji. Hakukuwa na mtu. Ungeanguka saa mbili baadaye ungewakuta wapishi wawili na mtoto wa mmoja wao.

Nimemsikiliza fundi mmoja ambaye hajengi vizuri, na anajua. Aliniambia hivi: "Kijana, nikimaliza leo nalipwa leo. Nikisema tungoje simiti siku saba, hizo siku nani atanilisha? Na maji? Mwenye hoteli anataka nimwage kwenye sakafu maji ambayo bibi yake amepangia foleni?" Anayo haki. Maji yetu ni ya bomba la saa chache, na dumu moja la kumwagilia ni dumu moja lililotoka kwenye chai. Naye mwenye kazi anataka kufungua kabla ya Idi, anamlipa kwa kazi nzima, kwa hiyo kila siku inayoongezeka inatoka mfukoni mwa fundi. Ukiweka bei namna hiyo, umenunua haraka. Huwezi baadaye kulalamika kwamba umepewa haraka.

Hata hivyo kuna njia, na mafundi wazuri wanazijua. Magunia yaliyoloweshwa yakitandikwa juu ya simiti yanashika unyevu siku nzima kwa maji kidogo. Maji yaliyosuuza vyombo mara ya mwisho, kama hayana mafuta wala sabuni, yanafaa kuyalowesha magunia hayo. Malipo yanaweza kugawanywa: sehemu ukuta ukisimama, sehemu paa likiisha, na sehemu ya mwisho baada ya mvua ya kwanza. Nimeona mapatano kama hayo mara moja tu. Fundi alirudi mwenyewe baada ya mvua, akatembea kuzunguka jengo, akaziba mahali pawili kabla hajaombwa.

Mimi nafanya kazi na vijana, na hapa ndipo jambo linaponiuma zaidi. Vijana wengi wa kikundi chetu wanataka ufundi wa ujenzi. Wachache wanapata nafasi ya darasani. Waliobaki wanajifunza kwa kubeba karai nyuma ya fundi. Kijana wa namna hiyo hasomi kitabu, anasoma ukuta. Akiona fundi anachanganya karai nane za mchanga kwa moja ya simiti halafu anapaka safi juu, anajifunza kwamba ujenzi ni kupaka juu. Akiona tundu la moshi linawekwa popote, anajifunza kwamba mpishi si mtu wa kufikiriwa. Na kijana huyu hataishi hapa tu. Atajenga Lodwar, atajenga Uvira akirudi, atajenga huko watakakompeleka. Mkono aliojifunza nao hoteli ya "ya muda" ni mkono atakaojengea shule.

Kwa hiyo nilianza kuwapeleka vijana kutazama. Watano watano, jioni, tunazunguka hoteli kwa ruhusa ya wenyewe, tunaanzia nyuma. Tunauliza maswali manne tu: maji yanakwenda wapi, moshi unatoka wapi, paa limeshikwa na nini, ukuta umekanyaga nini. Wenye hoteli wengine walitufukuza, wakidhani tumetumwa na ofisi. Wengine walituwekea chai. Msichana mmoja, mdogo kuliko wote, aliitazama ile hoteli ya rangi ya samawati akasema, "Hapa fundi alichoka alipofika jikoni." Sidhani nimewahi kusikia mtu akiisoma vizuri zaidi.

Ila mimi ningeongeza kitu. Fundi hakuchoka. Alimaliza pale ambapo mwenye kazi aliacha kutazama, na mwenye kazi aliacha kutazama pale ambapo sisi wateja hatufiki. Tumekunywa chai mbele miaka yote hii, tukisifu rangi. Hakuna mteja niliyemsikia akiuliza jiko likoje. Kama wateja kumi wangeuliza wiki moja, tundu lile lingekuwa limehamishwa Jumapili.

Mgeni akiniuliza sasa hivi hoteli nzuri ni ipi, namtuma kwa yule mama mjane wa meza tatu. Namwambia asitafute rangi, atafute mpapai. Na akimaliza chai yake aombe, kwa adabu, aonyeshwe jiko. Mama hatakataa.